Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Namanga

Ndugu mgeni rasmi, ndugu viongozi wa kijiji na kata, wazee wetu wa mila, viongozi wa dini, dada zetu mliovuka kutoka upande wa Kenya, ndugu wanachama, na nyinyi waume zetu ambao leo mmekubali kukaa viti vya nyuma: nawasalimu nyote. Takwenya. Nawashukuru mlioitikia. Ambao sikuwasikia, nadhani ni kelele za jenereta.

Katibu ameniambia kwamba maneno yangu yatachapwa kwenye kijitabu cha kumbukumbu, kwa hiyo nimeyaandika. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nimeandika kama ninavyosema, na atakayeona makosa ya kalamu avumilie.

Mgeni rasmi, kikundi hiki tulikianzisha mwaka 2015. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa kwenye upatu, ule wa kuchangishana na kumpa mmoja leo na mwingine wiki ijayo. Upatu una uzuri wake, lakini ukipata zamu yako wakati huna shida, na shida ikaja wakati zamu imepita, unabaki unaangalia. Ndipo tukajifunza huu utaratibu wa kununua hisa, kukopeshana kwa riba ndogo, na kugawana faida mwisho wa mzunguko. Sanduku ni moja, kufuli ni tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu ambao hawalali nyumba moja. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, ambao haudaiwi riba. Nimesikia kwamba akiba za namna hii zilianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, wanawake wa vijijini wasiojua kusoma, wakihesabu fedha kwa kichwa mbele ya wenzao. Basi mtu asituambie kwamba fedha inahitaji shahada.

Dada zetu wa Kenya wao wanaita mambo haya chama. Siku ya kwanza tulipokutana, mmoja wao alisema, "Sisi tuna chama chetu chenye nguvu," na akina mama wa upande huu wakatazamana, maana kwetu ukisema chama watu wanauliza kadi yako ni ya rangi gani. Tulicheka sana. Lakini tulipofungua madaftari yetu tukakuta hesabu ni zile zile: hisa, mkopo, faini ya kuchelewa, na yule mama mmoja ambaye kila kikundi kinaye, anayelipa baada ya kufuatwa nyumbani mara tatu. Wa kwetu yupo hapa, na amecheka, kwa hiyo simtaji.

Sasa naomba niseme juu ya huu mpaka, kwa kuwa sisi bila mpaka hatuna hadithi.

Mstari huu hatukuuchora sisi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko kwao mstari utoke mdomo wa mto Umba kule pwani, uuzunguke Kilimanjaro, uende mpaka ziwani. Mama wa Kimaasai aliyekuwa anachota maji hakuambiwa kwamba kisima kimekuwa cha serikali moja na boma limekuwa la serikali nyingine. Mpaka leo kuna mama hapa ambaye mdogo wake ameolewa upande wa pili wa mlima Ol Doinyo Orok, na kwenda kumwona mtoto mchanga inakuwa ni safari ya nje ya nchi.

Halafu wenye umri wangu mnakumbuka mwaka 1977. Jumuiya ya zamani ilivunjika na mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa tena mwaka 1983. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, ila nakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini habari za sabuni. Vijana mnaosikia Jumuiya mkadhani imeanza jana, mjue kwamba wakubwa walishaijenga ikaanguka, na sisi wa mpakani ndio tuliokuwa chini yake ilipoanguka. Hii ya sasa mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kazi Julai 2000. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, na soko la pamoja Julai 2010. Barabara ya lami kutoka Arusha kupita hapa mpaka Athi River ilizinduliwa mwaka 2012. Tarehe 1 Desemba 2018, hayati Rais Magufuli na aliyekuwa Rais wa Kenya, Uhuru Kenyatta, walikuja hapa wenyewe kuzindua kituo kile kikubwa cha huduma kwa pamoja. Wengi wetu tulikuwepo juani.

Nieleze kwa faida ya wageni. Zamani ukienda Kenya ulikuwa unasimama mara mbili, kwa maofisa wa hapa kisha kwa maofisa wa kule. Sasa ukitoka Tanzania unapita moja kwa moja mpaka jengo la Kenya, na humo unawakuta wa nchi zote mbili, dirisha baada ya dirisha. Ukitoka Kenya ni hivyo hivyo, unasimama jengo la kwetu. Ni jambo jema. Malori hayalali tena kama yalivyokuwa yakilala.

Lakini niseme na upande wa pili, maana waheshimiwa huwa hawausikii. Lori likilala, dereva anakunywa chai, anakula wali, ananunua maji na shanga za kumpelekea mke. Lori lisipolala, mama lishe anakaa na sufuria yake. Wanachama wetu waliokuwa wakiuza chakula kwenye foleni biashara ilishuka, na hakuna mtu aliyekuja kuwauliza. Tuliwauliza sisi. Wawili tuliwakopesha wakahamia kwenye nafaka, mmoja akaanza kushona, na mmoja alisema yeye anajua kupika tu, akaenda kupikia mafundi wa ujenzi. Sisemi kituo kisijengwe. Nasema maendeleo yakija na lori, mtu mmoja ashuke kuangalia waliokuwa wamekaa barabarani.

Na ukubwa wa jengo hauzuii ugomvi wa wakubwa. Oktoba 2017, kabla ya uzinduzi, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa hapa Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwezi huo huo ng'ombe wapatao 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada upande wetu. Kila upande ulikuwa na sheria zake za kuonyesha. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi mnazijua. Ni sisi tuliokuwa na mayai, kuku na majirani wa kuwatazama usoni kesho yake.

Ndugu wanachama, katika miaka hii kumi, mwaka uliotupima kuliko yote ni 2020. Katikati ya Mei Kenya ilifunga mpaka kwa watu kwa sababu ya korona, mizigo ikaachwa ipite. Angalieni jambo hili vizuri. Lori lilipita, mguu ukazuiwa. Na biashara yetu sisi ilikuwa ni ya mguu! Mama mwenye tenga la nyanya hana lori. Wiki ya kwanza nyanya zilioza. Wiki ya pili marejesho ya mikopo yalikuwa machache mno, na kulikuwa na maneno kwamba tuvunje sanduku, kila mtu achukue chake.

Hatukulivunja. Tulikaa tukapiga kura: marejesho yasimame miezi mitatu bila faini, hisa iwe ya hiari, na mfuko wa jamii utoe unga kwa wenye watoto wadogo. Na hapo ndipo ushirika wetu na dada zetu wa upande wa pili ulipozaliwa hasa, maana kabla ya hapo ilikuwa ni salamu na soda. Walitupigia simu wakasema, "Nyinyi mna mahindi na vitunguu vya kuletwa, sisi tuna wateja Kajiado na Kitengela. Kwa nini msiunganishe mzigo?" Tukaunganisha. Magunia ya akina mama wengi yakapanda lori moja, kila gunia na alama ya rangi, na daftari mbili, moja kwetu moja kwao. Fedha ikaja kwa simu. Watu walisema tutaibiwa. Mpaka leo gunia lililopotea ni moja, na lilipatikana, lilikuwa limeshushwa kwa jirani.

Mwaka uliofuata ukaja na lake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache walilegeza kwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na upimwe uonyeshe sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Hapa kwetu watu walikasirika, na mimi nilikasirika, tulikuwa na mahindi ndani. Wengi walisema ni fitina ya biashara tu.

Mimi nina maoni yangu. Namna walivyofanya haikuwa ya ujirani, kutangaza ghafla wakati malori yapo njiani. Lakini sumukuvu si uzushi. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, ambako sisi ndiko tunakonunua. Huioni kwa macho yote. Kupika hakuiondoi. Inatokana na ukungu, na ukungu unatokana na mahindi kuanikwa chini kwenye udongo, kunyeshewa, na kufungwa gunia hayajakauka. Kipimo cha unyevu kwa viwango vya Afrika Mashariki ni mwisho asilimia 13.5. Nani kati yetu alikuwa anapima? Tulikuwa tunauma punje kwa jino. Sasa tunanunua kwa wakulima wanaoanika juu ya turubai, na hata kama bei ni juu kidogo, mzigo haurudishwi.

Kisha ukaja ukame wa 2021 mpaka 2022. Longido, Simanjiro, na upande wa Kajiado, mifugo ilikufa mingi sana. Hilo sina haja ya kulieleza, kila mmoja ana lake. Nitasema tu kwamba mwaka ule ni akiba za wanawake zilizolipa ada za shule katika nyumba nyingi za wafugaji, na wazee waliokuwa wakisema kikundi ni mahali pa umbeya hawajasema tena.

Kuna jambo la kubadilisha fedha, ambalo vijana wa kikundi ndio walilitambua. Mwaka 2018 shilingi moja ya Kenya ilikuwa inafika kama 22 za kwetu. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka mpaka karibu 16. Baada ya miezi michache ikapanda tena karibu na 20. Sasa fikiria umeuza kwa mkopo kwa fedha ya Kenya, mteja akakulipa baada ya miezi minne. Mteja ni mwaminifu, amelipa yote, na bado umepata hasara! Ndiyo maana sasa kwenye daftari la pamoja tunaandika bei kwa fedha zote mbili siku ya kukabidhi mzigo, na tofauti tunagawana nusu kwa nusu. Mama mmoja alilalamika kwamba hesabu hii ni ngumu. Tukamwambia mjukuu wake wa darasa la sita atamsaidia, na kweli anamsaidia, kwa malipo ya andazi.

Sasa nakuja kwenye jambo la leo, ambalo najua limeleta maneno kwenye vikao.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mzunguko ujao, mkopo wa biashara ya kuvuka mpaka utolewe tu kwa mwanachama anayepitisha mzigo wake kituoni, na aonyeshe cheti. Anayepita njia za panya asikopeshwe kutoka kwenye sanduku. Nimesikia wanaopinga, na nawaheshimu. Wanasema: kituoni unaweza kupoteza nusu siku, pikipiki kwenye njia ya panya ni robo saa. Wanasema ofisa mwingine anamsemesha mama wa tenga kama mwizi. Ni kweli, mimi mwenyewe kuna mmoja aliwahi kuniambia nisubiri "wafanyabiashara" wamalizike kwanza.

Lakini tufanye hesabu pamoja. Kuna kile cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ni kwa ajili ya mzigo ambao thamani yake haizidi dola za Marekani 2,000, yaani kama shilingi milioni 5 za kwetu, na bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha. Unakijaza pale pale mpakani, forodha wanagonga mhuri, na ushuru wa forodha haulipwi. Nani kati yetu mzigo wake unazidi milioni 5? Hata mimi mwenyekiti sijafika huko. Mazao bado yanahitaji cheti cha afya ya mimea, na kodi nyingine kama zipo, huo ndio ukweli, nisiwadanganye kwamba cheti kimoja kinafungua kila mlango. Lakini mama anayelipia pikipiki, akampa kijana wa kuchungulia njia, akampa mwingine wa kunyamaza, ameshalipa kuliko yule aliyesimama dirishani. Tofauti ni kwamba yeye hana risiti.

Na mali ikikamatwa? Mikopo iliyotuumiza zaidi katika miaka hii kumi ni ya mali iliyokamatwa njia za panya. Aliyekopa hana cha kulipa, wadhamini wake wawili wanalipa kutoka hisa zao, na urafiki wa miaka unakufa. Tena kuna jambo ambalo nitalisema mara moja na wanaume watanisamehe. Mwanamke aliyefanyiwa ubaya kwenye njia ya panya hana pa kulalamika, kwa sababu swali la kwanza ataulizwa, wewe ulikuwa unafanya nini huko? Wapo waliokaa kimya humu ndani kwa sababu hiyo. Siwezi kuendelea kutia saini mkopo unaompeleka mwenzangu huko.

Ninyi mnaosema kituoni tunadharauliwa, nakubali, na jibu letu liwe kwenda kwa makundi. Siku ya mzigo tuende watu kumi na vyeti kumi, na mwanachama mmoja anayejua kujaza fomu. Tulijaribu mara kadhaa mwaka huu, na lugha ilibadilika dirishani. Mtu mmoja ni mama wa tenga, watu kumi wenye karatasi ni wafanyabiashara.

Jambo hili lina haraka zaidi mwaka huu. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo rejareja, saluni, uwakala wa fedha kwa simu, na kununua mazao shambani. Nia yake ni kulinda riziki ya mnyonge wa hapa, na hilo nalielewa, kuna watu walikuwa wanakwenda mpaka Mang'ola na kumaliza vitunguu kabla havijang'olewa, kwa bei wanayotaka wao. Lakini dada zetu waliokaa hapa mbele nao walikuwa wananunua shambani, gunia tano, gunia sita, na wakulima wakiwafurahia. Sasa hawawezi. Na mimi nina hofu ya kuzaa hofu, maana mabinti zetu wangapi wako Nairobi wanasuka nywele na kuuza vibanda? Upande ule nao ukiamua kutoa amri yake, nyumba ngapi za kijiji hiki zitakosa fedha ya simu mwisho wa mwezi?

Sisi hatutungi sheria. Tunachoweza ni hiki: sisi wa upande huu tununue shambani kwa jina letu na leseni yetu, tulete mpakani kwa vyeti vyetu, na wao wapokee wakiwa wanunuzi halali upande wao. Kila mmoja anabaki ndani ya sheria ya kwake, na biashara haifi. Lakini mpango huu unasimama juu ya karatasi. Nusu ya mzigo ukipita njia ya panya, siku ukikamatwa wataandika majina ya vikundi vyote viwili, na miaka hii yote ya daftari mbili itakuwa imekwenda.

Ombi letu kwa mgeni rasmi ni mawili. La kwanza, fomu za kituoni zipatikane kwa Kiswahili na ziwepo muda wote, na awepo mtu wa kuwasaidia wasiojua kuandika. La pili ni juu ya ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Sisi tumesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, hesabu zetu ziko wazi. Tunaomba maombi yetu yajibiwe, hata kama jibu ni hapana. Kimya hakina tarehe.

Kwa upande wetu, sisi na dada zetu tumekubaliana kununua mashine moja ya kupima unyevu wa nafaka, tuchangie nusu kwa nusu, ikae upande huu wakati wa mavuno na upande wao wakati wa kuuza. Mwenye kuiangusha atalipa.

Naomba sasa wanachama mnyooshe mikono juu ya pendekezo la mikopo ya mpakani. Katibu atahesabu, na wadhamini wahesabiwe kwanza, kwa sababu wao ndio huwa wanalipa. Baada ya hapo mtunza fedha atasoma hesabu za mwaka, halafu chakula. Mchele ni wa Moshi, mafuta yametoka Kenya, na risiti zote zipo.